Pua Peke Yake Haitoshi Kuilinda Hewa

Askari wa lindo hufundishwa kumtambua adui kwa macho na kwa masikio. Leo tunamzungumzia adui asiyeonekana wala kusikika: mvuke wa petroli, rangi, gundi na vimiminika vya kusafishia mitambo, ambao husambaa hewani wenyewe bila kuchemshwa.

Mtaa wa Carama uko kaskazini mwa jiji la Bujumbura. Eneo la viwanda liko kusini yake, upande wa Ziwa Tanganyika, na wakati wa kiangazi pepo za kusini huvuma kuelekea kaskazini. Ni dhahiri kwamba ukuta wa kiwanda hauzuii hewa yake.

Mvuke wa kuhofiwa zaidi ni wa benzini, kemikali iliyomo ndani ya petroli, ambayo imethibitishwa kuleta saratani ya damu. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka. Pua ya binadamu huanza kuinusa ikiwa imekwisha kupita kikomo hicho mara mamia kadhaa. Kwa hiyo kukosa harufu si ushahidi wa usalama.

Hapana budi kupima. Vijibomba vyenye unga wa kaboni hutundikwa kuuzunguka ua wa kiwanda kwa siku 14, kisha hupelekwa maabara. Kwa kanuni ya mwaka 2015, Marekani iliviamuru viwanda vya kusafishia mafuta kufanya hivyo. Bila kipimo, malalamiko ya wakazi hubaki maneno, na majibu ya kiwanda hubaki maneno vilevile.

Tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka bomba katika eneo la viwanda la Nairobi, ikaingia mtaroni katika mtaa wa Sinai. Watu wakakimbilia kuichota. Moto ukalipuka, wakafa watu wapatao 100. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini, hufuata mitaro, na hukutana na cheche mbali na ulikovujia.

Kwa hiyo askari anayefika wa kwanza aliache gari mbali, asimame upande unakotoka upepo, awazuie watu, na asimruhusu yeyote kusogea kabla hewa haijapimwa. Naye mlinzi wa bohari ya mafuta anastahili kupimiwa hewa anayoivuta zamu baada ya zamu.