Gari Kuukuu Likitolewa kwa Hisani Marekani Linaishia Wapi?

Ukiishi Marekani na una gari dogo la familia lililokwishachoka, matangazo ya redio yamekwisha kukuandalia njia: piga simu, brekidauni itakuja kulichukua bure hata kama haliwaki, shirika la hisani litafaidika, nawe utapunguziwa kodi. Habari ya brekidauni ni ya kweli. Hiyo ya kodi ndiyo inayonisukuma kuandika. Kazi yangu ni kuandaa ripoti za kodi, na kila msimu huletewa stakabadhi za magari na familia zetu, za Mombasa, za Mwanza, za Bukavu, zikitumaini kurudishiwa fedha nyingi. Kwa wengi wao hesabu hutoa sifuri.

Zamani haikuwa hivyo. Hadi mwisho wa mwaka 2004 mtoaji alijikadiria thamani ya gari lake, akaikata kwenye mapato yake, na hakuna aliyemuuliza gari liliuzwa kwa dola ngapi. Novemba 2003 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilieleza kwamba kwa mwaka wa kodi 2000 walipakodi wapatao 733,000 walidai punguzo la magari lenye jumla ya dola bilioni 2.5 hivi. Wakaguzi walichukua magari 54 wakayafuatilia tangu kwa mwenyewe hadi fedha zilipofika. Katika takriban thuluthi mbili ya magari hayo, shirika lilipokea asilimia 5 au pungufu ya thamani ambayo mtoaji aliiandika. Gari lililoandikwa dola 4,000 likawa limewafikishia wahitaji dola 200, au hata chini ya hapo. Nyingine zilipotelea katika bei ya chini ya mnada, gharama za kulivuta, matangazo, na ujira wa wakala aliyesimama katikati.

Bunge likabadilisha sheria Oktoba 2004, ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Tangu hapo kanuni ni moja: gari likiuzwa tu bila kutumiwa wala kutengenezwa, punguzo lako haliwezi kuzidi bei halisi ya mnadani. Shirika lina siku 30 tangu kuuza kukuletea fomu 1098-C, na ukiipata, usihangaike na maandishi yote. Tazama kisanduku 4c. Hapo ndipo bei ya mauzo ilipoandikwa, na nakala ya fomu hiyo hiyo imekwenda kwa mamlaka ya kodi, IRS. Likiuzwa kwa dola 500 au chini, sheria inakuruhusu kudai thamani yake ya sokoni, mradi isivuke 500.

Sasa tupige hesabu. Tuseme una Toyota Camry ya mwaka 2006, inatembea lakini ina kutu ya chumvi ya barabarani, na kwa mnunuzi wa mtaani ingepata dola 2,800. Umelitoa, likaenda mnadani, likauzwa dola 700. Magari ya mnadani hununuliwa na wafanyabiashara kwa jumla, bila kuendeshwa kwa majaribio, na wengi wao wanatazama giaboksi na skrepa tu. Punguzo lako basi ni 700. Kama mapato yenu yanatozwa asilimia 12, mnaokoa dola 84. Na hizo 84 zinakuja kwa sharti moja zito, kwamba muwe mnaorodhesha matumizi yenu moja moja: riba ya nyumba, kodi za jimbo, sadaka na mengineyo. Mabadiliko ya sheria yaliyoanza 2018 yaliongeza karibu maradufu kile kiwango ambacho kila mlipakodi hukatiwa bila kuonyesha risiti. Kwa mwaka 2025 wanandoa wanaojaza pamoja walikatiwa dola 31,500. Familia iliyopanga nyumba, au hata yenye mkopo mdogo wa nyumba, ni nadra kufikisha jumla hiyo kwa risiti, kwa hiyo inachukua kiwango, na gari halibadilishi lolote. Ndiyo sifuri niliyoitaja.

Kuanzia mwaka wa kodi 2026 kuna jambo jipya ambalo matangazo ya magari hayana sababu ya kukuambia. Asiyeorodhesha risiti ameruhusiwa kukatiwa mchango wake kwa mashirika ya hisani hadi dola 1,000, au 2,000 kwa wanandoa, lakini uwe mchango wa fedha taslimu. Gari halimo. Rudi kwenye ile Camry: liuze mwenyewe kwa 2,800, peleka fedha zote kwa shirika lilelile, upewe barua ya kuthibitisha, na mtakatiwa 2,000, yaani akiba ya dola 240 kwa asilimia 12. Shirika nalo limepata 2,800 kamili badala ya kugawana 700 na wakala. Kuuza gari lako binafsi kwa bei iliyo chini ya uliyolinunulia hakukutozi kodi ya faida. Kama gari linatembea na una wikendi moja ya kuonana na wanunuzi, sioni hoja yoyote ya kulipeleka mnadani.

Najua wengi hawana muda huo, au gari limekufa kabisa na linazuia njia ya gereji. Kwa gari la namna hiyo brekidauni ya bure ni msaada wa kweli, na dola mia mbili zinazofika kwenye kituo cha redio ya umma au jiko la kulisha maskini ni bora kuliko chuma kinachooza uani. Ninachoomba ni uulize kabla ya kupiga simu ya tangazo. Piga kwa shirika lenyewe unalolipenda, uliza kama lina mpango wake wa magari, na gari likiuzwa kwa 700, shirika linabakiwa na ngapi. Shirika lenye nidhamu litakutajia asilimia bila kusitasita. Hakikisha pia jina lake kamili lipo kwenye daftari la IRS la mashirika yanayopokea michango yenye punguzo, ambalo lipo wazi mtandaoni kwa kila mtu.

Lakini ipo njia ninayoipenda kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo isiyotangazwa sana. Mwaka 1996 huko Burlington, Vermont, Hal Colston alianzisha gereji ya hisani inayoitwa Good News Garage. Gari linaloletwa linakaguliwa na mafundi, linalofaa linatengenezwa, kisha linapewa familia isiyo na uwezo. Maryland kuna Vehicles for Change, iliyoanza 1999, inayotengeneza magari na kuyauza kwa bei nafuu sana kwa wafanyakazi wa kipato cha chini. Anayejua maisha ya mji mdogo wa Marekani ataelewa uzito wake. Basi linapita mara chache, kiwanda cha nyama au nyumba ya wazee iko maili kumi na tano nje ya mji, na zamu inaanza saa kumi na moja alfajiri. Mkimbizi aliyewasili kutoka kambi ya Nyarugusu anaweza kupata kazi wiki ya tatu akaikosa wiki ya nne kwa kukosa usafiri tu. Hapo Camry ya miaka ishirini ni mshahara.

Na sheria imelitambua hilo. Shirika likimpa gari mhitaji, au likimuuzia kwa bei iliyo chini mno ya soko kama sehemu ya kazi yake ya kusaidia maskini, unaruhusiwa kudai thamani kamili ya sokoni, siyo bei ya mnada. Ni hivyohivyo likilitumia lenyewe kwa kazi kubwa, kwa mfano kusambazia wazee chakula mwaka mzima, au likilifanyia matengenezo makubwa yanayoongeza thamani. Kuosha na kupiga rangi hakuhesabiwi. Shirika lithibitishe nia hiyo kwenye 1098-C, safari hii ndani ya siku 30 tangu ulipolikabidhi. Ukiwa huorodheshi risiti, kodi bado ni sifuri, ila gari limemfikia mtu.

Huulizwa pia kama si heri kulisafirisha nyumbani. Kwa Kenya jibu ni hapana: magari yaliyozidi miaka minane hayaingizwi, na usukani lazima uwe kulia. Uganda imezuia yenye miaka 15 na zaidi tangu 2018. Tanzania nako tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo gari la usukani wa kushoto ni mzigo kwa mwenye kulipokea. Congo na Burundi usukani unafaa, ila nauli ya kontena, bandari na ushuru inaweza kuipita bei ya gari lenyewe. Na kwa IRS, kumpa ndugu, kanisa au msikiti uliosajiliwa huko nyumbani kwa kawaida hakuleti punguzo.

Siku ya kulikabidhi, kadi ya gari ndiyo inayohitaji macho yako. Jina la anayepokea liandikwe na wewe, kwa wino, mbele ya dereva wa brekidauni. Ukisaini na kuacha nafasi hiyo wazi, gari linaweza kupita mikono mitatu likiwa bado kwa jina lako, na tozo za barabara na faini za maegesho zikaja kwako. Piga picha kadi na usomaji wa maili. Toa kifaa cha kulipia tozo kiooni. California inataka uarifu idara ya magari ndani ya siku tano, na nambari hubaki na gari. New York nambari ni zako, unazing'oa na kuzirudisha, na bima usiikate kabla hujazirudisha.