Mkanda wa Usalama na Mfuko wa Hewa Katika Motokari

Asubuhi ya siku ya soko hapa Kasongo, watu hukusanyika kungoja motokari iendayo Kabambare. Mizigo hupangwa juu ya gari: mabidoni ya mafuta ya mawese, magunia ya mchele, na mbuzi mmoja au wawili. Kila kamba hukazwa kwa bidii, na dereva mwenyewe huzunguka akaijaribu kwa mkono wake. Kisha wasafiri hupanda. Mbele huketishwa mama mwenye mtoto mchanga mapajani, maana kiti cha mbele ni kiti cha heshima. Dereva huuchukua mkanda wa kiti chake, huupitisha nyuma ya mgongo, na kuufunga huko, ili kengele ya gari isimsumbue. Safari huanza. Mbuzi amefungwa, watu hawakufungwa.

Tukiuliza sababu, twajibiwa kwa methali: Ajali haina kinga. Wahenga hawakusema uongo, wasomaji wapenzi. Hakuna ajuaye saa ambayo ng'ombe atakatiza njia au breki zitakataa. Lakini ajali ni jambo moja, na jeraha ni jambo jingine. Ajali haina kinga, jeraha linayo. Kinga hiyo imo tayari katika magari mengi tupandayo, nasi twaikalia bila kuitumia. Yafaa basi tueleze kazi yake.

Mwili haujui breki

Wanafunzi wa sekondari wamekwisha kusoma kanuni aliyoitangaza Isaac Newton, mtaalamu wa Uingereza, mwaka 1687: kitu kinachokwenda huendelea kwenda mpaka nguvu nyingine ikizuie. Wafanyabiashara wa baisikeli waijua kanuni hiyo bila kitabu. Gurudumu la mbele likiingia shimoni ghafula, baisikeli husimama, naye mwenyewe huruka juu ya usukani. Shimo limeizuia baisikeli. Yeye hakuzuiwa na kitu.

Katika motokari ni vivyo hivyo. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa likigonga mti, husimama kwa kitambo kidogo mno, kama sehemu ya kumi ya sekunde. Msafiri asiyefungwa huendelea mbele kwa mwendo uleule, hata kichwa chake kikutane na kioo, au kifua chake na usukani. Pigo hilo ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi, yaani kutoka kileleni mwa mchikichi mrefu.

"Lakini njia zetu ni mbovu, sisi hatukimbii," husema wengine. Haya, tuhesabu tena. Kwa mwendo wa kilomita 30 tu, pigo ni kama la kuanguka mita tatu na nusu. Ni nani kati yetu angekubali kujitupa kutoka juu ya paa la nyumba, kichwa mbele?

Kazi ya mkanda

Mkanda tuuonao leo, upitao begani na kiunoni, ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Uswidi, na kuanza kutiwa katika magari ya Volvo mwaka 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Kongo. Hapo kwanza Bohlin alikuwa akitengeneza viti vya marubani wa ndege. Kampuni ya Volvo iliwaruhusu watengenezaji wengine wote wautumie ubunifu huo bila malipo.

Mkanda huupeleka uzito wa pigo kwenye mifupa yenye nguvu: nyonga, kifua na bega. Tena humfanya msafiri apunguze mwendo pamoja na gari, badala ya kusimamishwa na kioo. Mahali unapojizungusha, ndani ya nguzo ya gari, mna kifaa kidogo cha kuukamata. Ukiuvuta polepole, waja. Ukiuvuta kwa ghafula, wakataa. Katika magari mengi ya siku hizi mna pia baruti kidogo: gari ligongapo, hiyo hulipuka na kuukaza mkanda mara moja, kisha kifaa kingine huulegeza kidogo kidogo ili mbavu zisivunjike.

Shirika la Afya Duniani hueleza kwamba mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa wakaao mbele kwa 45 hadi 50 katika kila 100. Hakuna dawa nyingi zenye kusaidia kiasi hicho, na dawa hii hainunuliwi.

Wengine huogopa kunaswa iwapo gari litatumbukia mtoni au kushika moto. Tuwaze vema. Aliyegonga kichwa na kuzimia hawezi kufungua hata mlango ulio wazi. Aliyefungwa mkanda huenda akabaki na akili zake, na kitufe kimoja humwachia. Tena njia zetu zimechimbwa na mvua, na gari laweza kupinduka bila kugongana na lingine. Hapo asiyefungwa huweza kutupwa nje, na gari likamwangukia.

Kazi ya mfuko

Mfuko wa hewa umekunjwa ndani ya usukani, na mara nyingi mwingine umo mbele ya msafiri wa kando. Kifaa cha kupima mshtuko hutambua kwamba gari limegonga kwa nguvu, kama vile kugonga ukuta imara kwa mwendo wa kilomita 20 hivi kwa saa au zaidi. Hapo cheche ya umeme huwasha dawa iliyofungwa chumani, nayo hutoa gesi nyingi ya kuujaza mfuko. Yote hayo hutimia katika sehemu kama 30 za sekunde iliyogawanywa mara elfu. Kupepesa jicho huchukua muda mrefu zaidi. Mara mfuko hulegea, kwa maana una matundu ya kutolea gesi, na uso wa mtu huzama ndani yake kwa upole.

Lakini tusidanganyike kwa jina la hewa. Mfuko hutoka kwa mwendo upitao kilomita 200 kwa saa. Aliyefungwa mkanda hukutana nao ukiwa umekwisha kujaa. Asiyefungwa, ambaye breki zimemtupa mbele, hukutana nao ukiwa unalipuka. Huko Marekani, kati ya mwaka 1990 na 2008, watu zaidi ya 290 waliuawa na mifuko hiyo katika ajali za mwendo mdogo, na wengi wao hawakufungwa ipasavyo. Mifuko hiyo hiyo imeokoa makumi ya maelfu. Herufi SRS, zinazoandikwa kwenye usukani, zataja chombo cha nyongeza cha kumzuia msafiri. Nyongeza ya nini? Ya mkanda. Mkanda ndio bwana wa kazi, na mfuko ni msaidizi wake.

Mtoto mapajani

Sasa turudi kwa yule mama wa kiti cha mbele. Mtoto wa kilo 10, gari ligongapo kwa mwendo wa kilomita 50, huvuta mbele kwa nguvu kama mzigo wa kilo 140. Hakuna mikono ya mama iwezayo kuuzuia, ampende mwanawe namna gani. Tena mfuko ukifunguka, kwanza humpiga mtoto aliye kati yake na mama. Kiti cha heshima kimekuwa kiti cha hatari.

Basi watoto wakae nyuma. Kiti chao maalumu ndicho kilicho bora, na kile kinachomgeuza mtoto kutazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa. Twajua kwamba viti hivyo ni adimu kwetu. Asiye nacho akae nyuma na mtoto, ajifunge yeye peke yake, wala asiupitishe mkanda juu ya wote wawili, maana uzito wa mama utamponda mtoto. Hatusemi kwamba hiyo ni salama. Twasema hatari yake ni ndogo kuliko ile ya mbele. Mama mjamzito naye ajifunge: mkanda wa chini upite chini ya tumbo, nyongani, na wa juu upite kati ya matiti.

Magari yaliyokwisha kutumika

Magari mengi yajayo kwetu yamekwisha kutumika miaka mingi katika nchi za mbali. Hapa pana jambo la kuangaliwa. Kampuni ya Takata ya Japani iliuza mamilioni ya mifuko ya hewa kwa viwanda vingi vya magari. Ikaonekana kwamba katika mingi yake, baruti huharibika baada ya miaka mingi ya joto na unyevu. Ikiwashwa, huweza kukipasua chuma chake na kurusha vipande kama risasi. Watu zaidi ya 30 duniani wamekufa hivyo, magari mengi mno yaliitwa yarudishwe yabadilishwe mifuko, na mwaka 2017 kampuni yenyewe ilifilisika. Joto na unyevu, sisi wa Maniema twavijua vema. Mwenye gari aitafute nambari ya chasi na kuwauliza wauzaji wa chapa hiyo, au kuitazama kwenye intaneti, kama gari lake limo katika hesabu hiyo.

Mambo ya kushika

Kwanza, mkanda upite begani na nyongani, usipite chini ya kwapa wala nyuma ya mgongo.

Pili, uvute kwa ghafula. Usipokamata, au ukiwa umechanika, ubadilishwe.

Tatu, dereva akae mbali na usukani, kifua chake kiwe sentimeta 25 au zaidi kutoka katikati yake.

Nne, taa ya mfuko huwaka injini inapowashwa, kisha huzimika. Ikibaki inawaka, au isipowaka kabisa, mfuko una kasoro. Fundi asiifunike taa hiyo, wala asifungue usukani kabla ya kutenga betri na kungoja dakika kadhaa.

Tano, apandaye juu ya mizigo ya lori hana mkanda wala mfuko. Palipo na nafasi ndani, aingie ndani.

Nanyi wanafunzi, wengi wenu mna baba au mjomba aliye dereva. Mtoto hamwamuru mzazi wake, lakini aweza kumkumbusha kwa adabu. Gari likiwa bado limesimama, na kamba za mizigo zikiwa zimekwisha kukazwa, yatosha kusema maneno mawili: "Baba, mkanda."