Petroli, sona na bei ya samaki Ayany

Mama anayekaanga samaki jioni mtaani Ayany, Kibera, hapangi bei peke yake. Kabla yake kuna muuzaji wa jumla wa Gikomba, gari lililosafiri usiku kutoka Nyanza, barafu, ada za ufuoni na, mwanzo kabisa, petroli iliyochomwa na injini ya boti. Mvuvi akirudi mikono mitupu, petroli hiyo haipotei hesabuni: safari ijayo itabeba gharama ya safari mbili. Ndiyo maana GPS na sona, vifaa vya kutafutia makazi ya samaki chini ya maji, vinamhusu hata mkazi wa Kibera ambaye hajawahi kuliona Ziwa Victoria.

Jinsi vinavyofanya kazi

Sona hutuma mlio majini na kusikiliza mwangwi wake. Katika maji baridi mlio husafiri karibu mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo penye kina cha mita 30 jibu hurudi baada ya sekunde 0.04 tu. Mwamba hurudisha mwangwi mkali, tope hurudisha hafifu, na samaki huonekana hasa kwa sababu ya kibofu cha hewa kilicho ndani ya mwili wake. GPS nayo huhifadhi mahali hapo, ili nahodha aurudie mwamba uleule kesho, hata usiku, na azipate nyavu zake alipoziacha.

Usahihi huo uliwafikia raia Mei 2000, Marekani ilipoacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti zake. Leo kifaa kidogo chenye GPS na sona pamoja, kama Garmin Striker 4, huuzwa ng'ambo kwa zaidi kidogo ya dola 100, kabla ya usafirishaji na ushuru. Hiyo ni sehemu ndogo ya bei ya injini mpya ya boti.

Faida iko wapi

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, na Kenya inamiliki asilimia 6 pekee. Wavuvi wetu wamebanana, na mbuta wakubwa wako mbali na Ghuba ya Winam. Anayewafuata hukaribia mpaka, na mzozo wa Kenya na Uganda kuhusu kisiwa cha Migingo umeonyesha gharama ya kuuvuka: kukamatwa, kupoteza injini, kupoteza samaki. Kwa mvuvi huyo, kujua alipo ni kinga ya mtaji wake.

Watafiti walitangulia. Tangu 1999, taasisi za uvuvi za nchi tatu zinazoligawana ziwa, KMFRI ya Kenya ikiwemo, zimekuwa zikilipima ziwa kwa sona, na matokeo huratibiwa na Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao yake Jinja. Vipimo hivyo vinaeleza jambo ambalo mfanyabiashara anapaswa kulijua: kuna miezi ambayo maji ya chini kabisa hukosa oksijeni, na samaki huyahama. Kushusha nyavu huko ni kupoteza usiku mzima.

Hata hivyo, faida hailingani kwa kila samaki. Mbuta wa maji ya kina ndiye anayefaa zaidi kutafutwa kwa sona. Omena huvutwa kwa taa usiku. Ngege hupenda maji ya kina kifupi na matete, ambako mwangwi hauaminiki, na gugumaji huongeza usumbufu. Anayetarajia sona ishushe bei ya ngege atangoja sana.

Nani atanufaika

Katika fuo nyingi, gharama ya petroli hukatwa kwanza kwenye mauzo, kisha kinachobaki hugawanywa baina ya mwenye boti na wavuvi. Kwa hiyo kila lita inayookolewa huongeza fungu la pande zote mbili. Mnyororo haukomei hapo. Minofu ya mbuta huenda Ulaya, na mifupa yenye nyama kidogo, mgongo wazi, hukaangwa na kuuzwa kwa familia za kipato cha chini. Mbuta akipungua, mnofu wa msafirishaji na mgongo wazi wa mlalahoi hupanda bei pamoja.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kifaa cha sona hakizalishi samaki. Huwaonyesha tu waliopo. Kikiwa mikononi mwa matajiri wachache wasioheshimu ukubwa wa matundu ya nyavu wala mazalia, kitaharakisha kumaliza akiba ambayo tayari inalemewa.

Serikali za kaunti za Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori zinaweza kuchagua njia bora. Kila kamati ya usimamizi wa ufuo, BMU, ipewe vifaa vichache vya pamoja. Mazalia yawekwe alama za GPS na yafungwe kwa uvuvi. KMFRI nayo itoe matokeo ya vipimo vyake kwa Kiswahili na Kidholuo, mapema, kwa lugha ya nahodha na si ya maabara pekee. Sona ikitumika kuokoa petroli na kulinda mazalia, mvuvi atapata faida na mnunuzi wa Ayany atapata samaki kwa bei anayoimudu. Ikitumika kuvua zaidi tu, wote wawili watapoteza.