Nyumba za Safu za Baltimore: Pima Upana, Uliza Kiwanja

Nyumba za matofali za Baltimore, Marekani, zimeshikamana mtaa mzima, kila moja na ngazi zake mbele, na kwa mpita njia zote ni zile zile. Ukienda kununua, anza na upana. Safu za zamani zilizojengewa vibarua zina futi 12 hadi 14 tu, kisha zinarudi nyuma kwa urefu. Chumba cha mbele kina dirisha, cha nyuma pia. Cha katikati kinategemea kioo cha darini, kama kipo, la sivyo ni taa mchana kutwa.

Kuanzia miaka ya 1910 hivi wajenzi wakageuza ramani: nyumba ikapanuliwa hadi futi 20 hivi na kufupishwa, vyumba viwili mbele na viwili nyuma, kila kimoja na dirisha lake. Kama una hela ya kuongeza, iongeze hapa.

Ya pembeni ina madirisha pande tatu, na muuzaji atakutajia hilo kabla hujafika mlangoni. Hatakutajia ule ukuta wa ziada: wakati wa baridi joto hupotelea huko, na kuziba upya maungio ya matofali yake ni juu yako peke yako. Ya katikati hukingwa na majirani. Utawasikia wakikohoa, lakini bili ni nafuu.

Ukikuta ukuta wa mbele umevikwa mawe ya bandia ya Formstone, yaliyopewa hataza mwaka 1937, usikimbilie bei. Ni saruji iliyokandikwa juu ya wavu uliopigiliwa kwenye matofali. Ukiibandua, huenda ukakuta tofali limemomonyoka.

Kinachowachoma wengi ni ardhi. Nyumba nyingi za enzi hizo ziliuzwa bila kiwanja: mnunuzi alikikodi kwa miaka 99, mkataba ukihuishwa daima, ili bei ya kuanzia ishuke. Pango hilo hulipwa hadi leo, tena si kwa serikali kama pango la ardhi la Tanzania, bali kwa mtu binafsi au kampuni. Maryland, jimbo lenye Baltimore, ilizuia mikataba mipya ya nyumba za kuishi mwaka 2007. Ya zamani ikabaki. Ile ya mwanzoni mwa karne ya 20 hukombolewa kwa kugawa pango la mwaka kwa 0.06: la dola 96 hukombolewa kwa dola 1,600, mbali na ada. Kwa hiyo ongeza kiasi hicho kwenye bei kabla ya kulinganisha nyumba mbili, na utazame daftari la jimbo: pango lisilosajiliwa, mwenye ardhi hawezi kulidai.