Huna Salio SHA

Swali hili hunifikia kila wiki. Mara linakuja kwa ujumbe wa simu, mara kutoka kwa mtu aliyesimama dirishani pa ofisi ya madai na hati yake ya mshahara mkononi: "Nimekatwa SHA tangu Oktoba 2024 na sijalazwa hata siku moja. Pesa zangu zimefika ngapi, na nitazitoa vipi?" Wenye nywele za mvi huongezea la NHIF, mfuko wa bima ya hospitali uliotangulia SHA: walikatwa miaka nenda miaka rudi, sasa NHIF imevunjwa, je, salio lao lilihamishiwa wapi?

Halikuhamishiwa popote, kwa sababu halikuwahi kuwapo. Huna salio SHA, na hukuwa nalo NHIF tangu ilipoundwa 1966. Hakuna faili ya SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, yenye jina lako na jumla ya fedha zako chini yake. Nimelieleza jambo hili kwa upole, nimelieleza kwa ukali, na bado Jumatatu linarudi pale pale, kwa hiyo leo naliandika.

Nakubali kwamba hati ya mshahara yenyewe inapotosha. Makato yamepangwa mstari juu ya mstari: NSSF, SHIF, ushuru wa nyumba, PAYE. NSSF ni akiba ya uzeeni. Ina akaunti kwa jina lako, mwajiri anaongezea fungu lake, na siku ya kustaafu utakwenda kuidai. Chini yake tu ipo SHIF, mfuko wa bima ya afya unaoendeshwa na SHA, asilimia 2.75 ya mshahara wako kabla ya makato mengine, na mtu akitazama haraka anaona ndugu wawili wa tumbo moja. Sivyo. Ya SHIF ikishatoka kwako imekwenda. Imeingia kwenye mfuko mmoja pamoja na ya mwalimu wa Turkana, ya askari wa Kisumu na ya mama mboga wa Kongowea, na pengine kabla mwezi haujaisha imeshamlipia mtu usiyemjua. Mwajiri wako, kwa taarifa yako, haongezi hata senti juu yake. Kwa wenzetu wa Tanzania, walio katika mfuko wao wa NHIF, mtumishi hukatwa asilimia 3 na mwajiri hutoa 3 nyingine. Kama unatafuta la kulalamikia, lalamikia hilo, lina mashiko zaidi.

Nikifika hapo ndipo mtu husema, "Basi huo ni wizi." Haya, tupige hesabu, maana neno wizi ni zito.

Tuseme unapokea shilingi 50,000 kwa mwezi. Unakatwa 1,375. Kwa mwaka ni 16,500. Sasa njoo tusimame mlango wa chumba cha kusafishia damu, pale wagonjwa wa figo wanapolala kwenye viti vya kuegemea huku mashine zikizunguka kwa karibu saa nne. Kwa viwango vilivyochapishwa 2025, SHA huilipa hospitali shilingi 10,650 kwa kila kikao. Mgonjwa akija mara 2 kwa wiki, hiyo ni 21,300. Yaani wiki moja ya mtu huyo imekwisha kula mchango wako wote wa mwaka, na chenji haikubaki. Mwaka wake mzima unagharimu shilingi 1,107,600. Ili kumweka hai mtu mmoja kwa mashine hiyo, wanahitajika watu 68 wenye mshahara kama wako, wakatwe miezi yote 12, na yeyote kati yao asiugue hata mafua ya kumpeleka hospitali.

Ukiniuliza pesa zako ziko wapi, basi, ziko pale. Zimo ndani ya mrija wa mashine ile.

Au chukua anayechangia kiwango cha chini kabisa, shilingi 300 kwa mwezi, 3,600 kwa mwaka. Mkewe akizalishwa kwa upasuaji, SHA hulipa 30,000. Kama ingekuwa akiba, huyu bwana angelazimika kuweka miaka 8 na miezi 4 kabla ya kumpata mtoto mmoja kwa njia hiyo, na mtoto hangoji. Sijamsikia hata baba mmoja akisimama dirishani kusema, "Hii 30,000 imezidi salio langu, chukueni hizi 26,400 zenu." Imani ya salio ina upande mmoja tu: ukiwa mzima, pesa ni zako, ukiugua, pesa ni za SHA.

Kinachonishangaza ni kwamba wanaoniuliza hivi wote ni wanachama wa chama cha kufa na kuzikana mtaani kwao. Kila mwezi wanatoa. Akifiwa jirani, sanduku linafunguliwa, jeneza linanunuliwa, gari linakodishwa. Hajawahi kutokea mtu akasimama mkutanoni kudai arudishiwe michango yake kwa kuwa mamake bado yu hai. Wangemwangalia mara mbili. Lakini mtu huyo huyo akivuka barabara na kuingia hospitali, anadai arudishiwe kwa kuwa figo zake ni nzima.

Ningeiacha imani hii ipite kama haingekuwa na madhara. Inayo, na nayaona kwenye mafaili.

Aliyeshika kwamba ana pesa zake SHA ndiye anayempa binamu yake nambari ya kitambulisho "azitumie kidogo, mimi siumwi". Ndiye anayemsukuma daktari amwandikie vipimo vyote "ili nami nifaidi". Na ndiye, zaidi ya wote, anayeambiwa na karani, "Tusaidie tu, weka kidole hapa," naye anaweka. Amekuja na kikohozi, amepewa dawa, anarudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Kwenye dai, amelazwa usiku 3. Hospitali ya ngazi ya 4 hulipwa shilingi 3,360 kwa kila siku ya kulazwa, kwa hiyo kitanda ambacho hakikulaliwa na mtu kimeingiza 10,080. Agosti 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha hospitali kadhaa kwa michezo ya aina hii, ya kugeuza wagonjwa wa nje kuwa wa kulazwa na kuandika wagonjwa hewa. Magazeti yaliwaandama wenye hospitali, na ni haki yao kuandamwa. Lakini madai mengi ya namna hii yanahitaji mgonjwa wa kweli atoe alama ya kidole, au asome ile nambari ya OTP iliyoingia kwenye simu yake. Alitoa kwa sababu alidhani anagawa vyake. Akilazwa kweli mwezi ujao, atakuta zile siku 3 zimeshatolewa kwenye siku 180 ambazo kaya yake inaruhusiwa kwa mwaka.

Lipo na tawi la pili la imani hiyo: "Nitaanza kulipa nikiugua." Ukiiona bima kama benki, ni kweli hakuna haraka ya kuweka kabla ya haja ya kutoa. Waliojisajili SHA wamepita milioni 20. Wanaochangia ni sehemu ndogo tu, na mzigo umewaelemea wenye ajira ambao hukatwa watake wasitake. Mfuko unaoingiwa na wagonjwa peke yao haulipi hospitali kwa wakati. Na hospitali isipolipwa kwa wakati, dirishani unaambiwa "mtambo uko chini", lugha ya adabu ya kusema toa taslimu. NHIF yenyewe iliacha nyuma yake madeni ya mabilioni. Machi 2025 serikali ililazimika kutangaza kwamba hospitali zinazodai shilingi milioni 10 au pungufu zitalipwa zote, na zilizozidi hapo madai yao yahakikiwe kwanza. Sisemi kwamba Mamlaka haina makosa. Inayo, na ucheleweshaji ni kosa kubwa. Nasema tu kwamba asiyechangia mpaka augue hana uso wa kulalamika.

Na akitokea mtu akakuambia, kwenye simu au pale stejini, kwamba ana jamaa ndani anayeweza "kukutolea michango ya NHIF" kwa ada kidogo, mwambie akutolee kwanza ndipo achukue ada yake humo humo. Hutamwona tena.

Sasa, fedha hutembea vipi? Kwa dai. Hospitali yenye mkataba na SHA inakuhudumia, inathibitisha kwamba ni wewe, inaandika ugonjwa na huduma, inapeleka dai. Mamlaka inalikagua, inalikubali, inalipunguza au inalikataa, halafu inailipa hospitali. Wewe humo ndani ni shahidi, si mdai. Ndiyo maana yule anayeniletea bahasha ya risiti za duka la dawa na zahanati isiyo na mkataba, akitaka arudishiwe, ninamrudishia bahasha tu. Risiti ni ushahidi kwamba ulilipa. Mfumo huu unalipa kwa dai la hospitali, na pale ulipotoa taslimu hakuna aliyeandika dai.

Jambo lingine linalowachanganya watu ni kwamba SHA hailipi bili yako. Hulipa kiwango chake. Mgonjwa wa nimonia akilala siku 5 ngazi ya 4, hospitali itapata 16,800, iwe ilitumia 12,000 kumtibu au 25,000. Kitanda, chakula, uuguzi, vipimo vya kawaida na dawa za wodini vyote vimo humo. Ngazi ya 5 kiwango ni 3,920 kwa siku, ngazi ya 6 ni 4,480. Kujifungua kwa kawaida ni 10,000, iwe uchungu ulichukua saa 3 au usiku kucha. Hospitali ya umma hujibana humo. Ya kibinafsi, bili ikizidi kiwango, itakutazama wewe kwa ile tofauti, na hapo ndipo kilio cha "nina SHA na bado nimelipa" hutokea. Uliza tofauti hiyo kabla ya kupanda kitandani. Ukiuliza ukiwa umevaa nguo za kwenda nyumbani, umechelewa.

Mengine kwa haraka, maana nafasi inakwisha. Kikohozi, malaria, kuhara, kidonda: nenda zahanati au kituo cha afya, ngazi ya 2 au ya 3. Huko hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi unaotokana na kodi, na hata asiyechangia anahudumiwa mradi amejisajili. Ukipanda moja kwa moja hospitali kubwa kwa mafua, usishangae kuombwa pesa. Upasuaji, picha za MRI na CT, saratani na kusafisha damu huombewa idhini kabla, kwa hiyo hakikisha idhini imetoka siku zikiwa bado zipo. Saratani ina ukomo kwa kaya: jedwali la kuanzia lilikuwa 400,000 za SHIF, zikiisha 150,000 za mfuko wa dharura na magonjwa sugu. Uliza ukomo wa sasa kabla ya kupanga awamu za dawa. Dharura ni dharura. Katiba, kifungu cha 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, bima au hakuna. Mwenzi na watoto wasajili leo, kwa vyeti, usingoje usiku wa kuharibika mambo. Huna ajira: utafanyiwa tathmini ya uwezo na kulipa ya mwaka mzima, na kama huna kwa mkupuo, upo mpango wa Lipa SHA Pole Pole. Usimsomee mtu OTP kabla hajakuambia ni ya huduma gani, na ukitoka, omba kuona kilichoandikwa kwenye dai lako: tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, ugonjwa.

Na wewe uliyekuja na hati ya mshahara mkononi, lipo swali moja la maana linalotokana na ule mstari wa SHIF. Umekatwa, ndiyo, lakini je, zimefika? Mwajiri anatakiwa kuwasilisha makato kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Piga *147# uangalie kama umelipiwa. Kama hujalipiwa, dirisha la kuuliza si langu, ni la mwajiri wako, na uende kesho asubuhi.