Nimekaa na simu ya taa mgongoni miezi minne... je, ni ya kununua?



Mdogo wangu wa mwisho anauza viatu vya mtumba. Anapiga picha, anatupia kwenye stetasi ya WhatsApp, mteja anachagua, boda anapeleka. Mwaka mzima alikuwa anadunduliza hela ya simu, na mwezi uliopita akanifuata na laki nane mkononi. "Kaka, kuna jamaa ana Nothing Phone (2a) kama hiyo yako, anataka kuniuzia. Nichukue?"

Laki nane kwa kijana anayeamka saa kumi alfajiri kufuata mzigo si hela ya kuchezea. Nikamwambia asubiri kidogo. Mimi yangu nilitumiwa na binamu yangu wa London alipobadilisha simu, kwa hiyo sikuumia mfukoni, na mtu ambaye hakuumia mfukoni ni rahisi sana kusifia kitu. Nikakaa chini nikafikiria vizuri miezi minne niliyoishi nayo: kazini, kwenye daladala, gizani umeme ukikatika. Haya ndiyo majibu niliyompa. Nayaweka hapa kwa sababu najua wapo wengi wanaojiuliza swali hilohilo.

KWANZA, HII SIMU NI YA NANI?

Nothing ni kampuni ya London. Aliyeianzisha ni Carl Pei, mmoja wa waanzilishi wa OnePlus, aliyeondoka huko mwaka 2020. Simu yao ya kwanza ilitoka Julai 2022, ya pili Julai 2023, halafu Machi 2024 ikaja hii (2a), ambayo ni ya bei ya kati. Uingereza ilianza kuuzwa pauni 319, yaani kama milioni moja ya kwetu kwa kiwango cha mwaka ule. Kwa hiyo leo hii si simu mpya. Machi 2025 ilifuatiwa na (3a), yenye kamera ya ziada ya kuvuta vitu vya mbali.

Kinachoifanya iitwe kituko ni mgongo wake. Kifuniko kinaonyesha ndani, kamera mbili zimekaa katikati kama macho ya mtu, na kuzizunguka kuna mistari mitatu ya taa nyeupe. Mara ya kwanza nilipopigiwa nikiwa kwenye daladala la Tabata, konda alinigeukia: "Kaka, hiyo simu au disko?" Gari zima likacheka.

TAA ZINAFANYA NINI HASA?

Taa hizi wanaziita Glyph. Kila mtu muhimu unaweza kumpangia mlio na mwako wake, kwa hiyo simu ikiwa imelala kifudifudi mezani unajua ni mama anapiga au ni mtu wa madeni. Ukiweka saa ya kuhesabu dakika, mstari mmoja unapungua taratibu mpaka unaisha. Mimi nautumia nikiinjika maharage. Ukipiga picha gizani, taa zote zinawaka kwa pamoja na kutoa mwanga laini usioumiza macho kama ule mwanga wa ghafla tuliouzoea.

Kuna pia ile ya kukuonyesha usafiri ulioita umefika wapi. Mstari unajaa kadiri gari linavyokaribia. Tatizo ni kwamba inafanya kazi na programu chache tu zilizounganishwa, Uber ikiwamo. Boda wangu wa kijiweni hayumo.

Niseme ukweli: wiki ya kwanza nilikuwa nazionyesha taa kwa kila mtu. Mwezi wa pili nikabaki na jambo moja tu ambalo limenisaidia maishani. Unailaza simu kifudifudi, inanyamaza, na taa tu ndizo zinaongea. Kwenye chakula cha jioni siku hizi simu yangu imelala hivyo, na mama hajanigombeza tena. Kama hakuna taa, hakuna cha dharura. Lakini jiulize, unahitaji kulipia mistari mitatu ya taa ili ujifunze kugeuza simu?

MATUMIZI YA KILA SIKU

Betri ni milliampia 5000. Natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi imejaa, narudi saa mbili usiku ikiwa na asilimia thelathini hivi, hapo nimepokea simu, WhatsApp muda wote na video mbili tatu njiani. Umeme ukikatika usiku sina wasiwasi wa kuamka simu imezima.

Kioo ni kikubwa, inchi 6.7, na picha inajichora upya hadi mara 120 kwa sekunde, ndiyo maana ukiperuzi inateleza kama mafuta. Juani hapa Dar unasoma meseji bila kujifunika na kiganja.

Kamera kuu ni ya megapikseli 50, na ya pili ya kuchukua eneo pana ni 50 vilevile. Hapa wengi tunadanganyika na namba. Kwa kawaida kamera kuu inaunganisha vidoa vinne kuwa kimoja, na picha unayopata ni ya megapikseli 12 na ushee. Hilo si wizi, ndivyo zinavyofanya simu nyingi za siku hizi ili picha ya kwenye giza isiwe na chengachenga. Mchana picha ni nzuri sana, viatu vya dogo vilionekana kama vya dukani. Ila haina kamera ya kuvuta mbali. Ukikaa nyuma ya ukumbi wa harusi, bibi harusi utamwona kama mchele.

Ndani ina chipu ya MediaTek, Dimensity 7200 Pro. Kwa mtandao, ramani, miamala na magemu ya kawaida haikwami.

MAMBO MUUZAJI HAKWAMBII

1. RAM ya "20". Ukiambiwa simu hii ina RAM ya 20, elewa kwamba ya kweli ni 8 au 12 kutegemea toleo. Nyingine hadi 8 ni sehemu ya memori ya kuhifadhia inayoazimwa ili isaidie, na ina kasi ndogo zaidi. Ni kama kumwita jirani abebe gunia: anasaidia, lakini si mtu wa nyumbani kwako.

2. Haina sehemu ya kadi ya memori. Toleo ni la 128 au 256, basi. Kama wewe ni mtu wa kujaza muvi na nyimbo, 128 itajaa mapema. Wala haina tundu la hedifoni za waya.

3. Ndani ya boksi hakuna chaja, kuna waya tu, tena waya wenyewe una kichwa kile kidogo kila upande. Wewe unayetaka kuhamisha picha kwenye kompyuta ya intaneti kafe yenye matundu ya zamani, tafuta waya mwingine wenye kichwa kipana upande mmoja. Ukichomeka, simu inachaji tu mpaka wewe mwenyewe uiruhusu kuhamisha mafaili. Kama umekuja kuchaji tu, usiruhusu. Kompyuta ya kafe hujui nani ameitumia kabla yako.

4. Inapokea chaji ya wati 45, na ukiwa na chaja sahihi inajaa kwa kama saa moja. Chaja sahihi ni ile iliyoandikwa PD na PPS. Zile za barabarani zilizoandikwa "fasta" kwa rangi nyekundu zitaichaji mwendo wa kobe.

5. Maji. Imepimwa kwa kiwango cha IP54. Maana yake inavumilia vumbi na maji ya kurushiwa, kama manyunyu ya mvua. Kuizamisha haikuandikwa popote. Ikitumbukia kwenye ndoo usije kunilaumu.

6. Laini mbili inachukua, lakini laini ya ndani isiyo na kadi haina.

SASA TUJE KWENYE FUNDI

Hapa ndipo penye uamuzi wote, na hapa ndipo uchambuzi mwingi wa mitandao ya Ulaya hauwezi kukusaidia.

Siku moja nikishuka Buguruni simu iliniponyoka. Bahati nzuri kilichopasuka ni protekta tu, na mgongo kwa vile ni wa plastiki ulipata mkwaruzo badala ya ufa. Lakini moyo ulinipasuka. Nikaenda Kariakoo kumuuliza fundi ninayemwamini: je, kingekuwa kioo chenyewe?

Akaigeuza simu, akaiangalia, akatabasamu. "Kaka, kioo cha Tecno ninacho, cha Samsung ninacho, hata sasa hivi nakufungia ukiwa umesimama. Hiki chako ni cha kuagiza. Utanipa hela, utasubiri."

Hakuwa mkorofi. Fundi anaweka stoo kile ambacho wateja wengi wanacho. Simu ambayo mtaani kwenu mko watu wawili haiwezi kuwa na spea kwenye kila kibanda. Hata kava ni kazi kulipata, na ukipata la rangi ya giza linaziba taa zote, halafu unabaki unajiuliza ulilipia nini.

Kwa hiyo upekee unaoufurahia siku ya kwanza ndio utakaokugharimu siku simu itakapoanguka. Kama simu kwako ni ya starehe, unaweza kusubiri kioo wiki kadhaa. Kama simu ndiyo duka lako, wiki kadhaa ni kodi ya chumba.

Na kuna jambo la usalama. Ukipita usiku na simu inayowaka mgongoni, umejitangaza. Vibaka hawahitaji kujua ni ya bei gani. Mimi nikitoka nje usiku nazizima. Mipangilio inaruhusu, hata kwa ratiba ya saa.

UKIAMUA KUICHUKUA

Sisemi usinunue. Kama hela ipo, ukapata toleo la 12 na 256 lililo safi, utafurahi. Kampuni iliahidi kuiboresha Android mara tatu na kuipa kinga za usalama kwa miaka minne tangu ilipotoka, yaani hadi 2028. Ila simu ya mtumba fanya haya KABLA ya kutoa hela:

- Bonyeza *#06#, chukua namba ya IMEI, itume kwa meseji kwenda 15090. Huduma ya TCRA itakujibu kama simu inatambulika. Tusisahau Juni 2016, simu feki zilizimwa nchi nzima na watu wakabaki na makopo.
- Weka laini yako mwenyewe, piga, na uwashe data. Simu nyingine za nje zimefungwa mtandao mmoja.
- Hakikisha akaunti ya Google ya mwenye nayo wa zamani imetolewa, mbele ya macho yako. Isipotolewa, siku utakayoifuta simu itakuuliza nywila ya mtu usiyemjua.
- Washa taa zote, piga picha kwa kamera zote tatu, jirekodi sauti, chomeka chaji.

DOGO ALIAMUAJE?

Sikumkataza. Nilimpa yangu akae nayo wiki moja, aweke laini yake, afanye kazi zake zote. Jumapili akairudisha.

"Kaka, taa nilizizima siku ya tatu. Wateja wakija kuchukua viatu wanauliza habari za simu. Mmoja kakaa nusu saa anazichezea taa, kiatu hakununua."

Nikamuuliza alichokipenda. Akasema betri, picha, na ile ya kuilaza kifudifudi usiku. Hakusema taa. Nikamwambia basi andika hayo mambo, nenda nayo dukani kama orodha ya sokoni, halafu muulize fundi wa pale kwenu ni simu gani zenye hivyo vitu ambazo kioo chake anacho kwenye droo.

Akapata simu ya kawaida tu, isiyo na mbwembwe, kwa laki tano na nusu. Iliyobaki kaongezea kwenye mzigo wa viatu. Picha zake za stetasi ni nzuri vilevile, ingawa siku moja nilimkamata ananiangalia simu yangu inavyowaka mezani... na mimi nikajifanya sijamwona.

Kampuni yenyewe, kwenye Phone (3) ya Julai 2025, iliiondoa ile mistari ya taa na kuweka kiduara kidogo cha vidoti. Sijui kama nao mama zao waliwagombeza, hahaha.

Haya wadau, nawe unayetumia simu ambayo mtaani kwenu hakuna mwingine anayo: siku ilipoharibika ulifanyaje? Andika hapo chini kwenye maoni, na utaje mkoa, ili wenzako wajue fundi wa aina gani wapo.

Nawasilisha.