Watengenezaji wa Simu Wamsikilize Fundi wa Nyabibuye

Simu inabuniwa Shenzhen au Seoul, inajaribiwa kwenye ofisi yenye umeme usiokatika na intaneti ya kasi, kisha inashushwa Kariakoo. Kutoka hapo inapakiwa kwenye basi, inapita Kahama na Nyakanazi hadi Kakonko, Kibondo na Kasulu. Ikifika Nyabibuye, kata ya wilaya ya Kakonko upande wa mpaka wa Burundi, inakuta mambo ambayo aliyeibuni hakuwahi kuyawaza. Kuna vumbi la kiangazi. Kuna miezi mingi ya mvua na mawingu ambayo sola haichaji vizuri. Mtandao unashika ukiwa juu ya kilima na kupotea ukiteremka bondeni. Na mnunuzi mwenyewe hushika fedha za maana anapouza maharage, si kila mwisho wa mwezi.

Mkoa wa Kigoma una watu zaidi ya milioni 2.4 kwa Sensa ya mwaka 2022, na sehemu kubwa yao wanaishi vijijini. Hilo ni soko. Lakini ukipita kwenye maduka ya simu ya wilaya hizi utaona bidhaa zilezile za mjini, tena zile za daraja la chini. Kinachoniuma ni kwamba marekebisho ambayo wateja hawa wanayahitaji si ya gharama kubwa na si siri. Fundi simu anayajua, kwa sababu kila siku anafungua vifaa vilevile vilivyoharibika mahali palepale. Wakala wa pesa anayajua, kwa sababu kila siku anawaona wateja wakikwama kwenye hatua ileile ya menyu. Wasioyajua ni wale wanaolipwa kubuni.

Na biashara imeshaonyesha kwamba kusikiliza kunalipa. Mwaka 2003 Nokia ilitoa simu aina ya 1100, yenye tochi na vitufe visivyopitisha vumbi. Iliuzwa zaidi ya milioni 200 duniani, na hadi leo simu ndogo isiyo na tochi haina mnunuzi Kibondo. Baadaye ikaja Transsion, kampuni ya Kichina iliyoanzishwa mwaka 2006, yenye chapa za Tecno, itel na Infinix. Haikushindana na wakubwa kwenye masoko yao. Ilikuja Afrika, ikaona kwamba watu wanabeba laini mbili au tatu kwa sababu kila mtandao una eneo lake na bei yake, ikatengeneza simu za laini mbili, hata nne. Ikaweka betri ya kudumu siku kadhaa, ikarekebisha kamera ziweze kupiga picha nzuri ya mtu mweusi, na ikafungua vituo vya matengenezo vya Carlcare. Mwaka 2019 iliorodheshwa kwenye soko la hisa la Shanghai. Utajiri wote huo ulitokana na mambo ambayo muuza duka yeyote wa Kasulu angeweza kuyataja.

Tatizo ni kwamba kusikiliza huko kumepungua kadiri simu janja zinavyochukua nafasi ya vitochi, yaani simu ndogo za vitufe. Chukua betri. Kitochi kinatumia betri ya kuchomoa, mara nyingi ya umbo la BL-5C ambalo Nokia ndiyo iliyolieneza. Betri ikichoka, unanunua nyingine dukani na kuibadilisha mwenyewe ukiwa umesimama. Katika kijiji kisicho na umeme kuna faida nyingine tena: betri inapelekwa kuchajiwa kwenye kibanda, na mwenye nayo anabaki na simu akitumia betri ya akiba. Simu janja nyingi za sasa zimegandishiwa betri kwa gundi ndani ya mfuniko. Fundi anapaswa kuipasha moto simu, ang'oe kioo au mgongo kwa uangalifu, na mara nyingi kioo kinapasuka. Mteja aliyekuja kwa tatizo la betri anaondoka na deni la kioo.

Umoja wa Ulaya umeshaliona hili. Kanuni yake ya betri inataka kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vidogo ziwe za kuondolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, ingawa zipo aina zinazosamehewa. Na tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa huko lazima zichajiwe kwa USB-C. Sioni kwa nini nchi za Afrika Mashariki, ambazo matengenezo ndiyo uhai wa biashara yao ya simu, zisidai hivyohivyo kwa pamoja. Shirika la Viwango Tanzania lipo, Tume ya Ushindani ipo, na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilishaonyesha nguvu yake Juni 2016 ilipozima simu bandia nchi nzima kwa kutumia namba za utambulisho za IMEI. Mamlaka iliyoweza kuzima simu za wanyonge wengi kwa usiku mmoja ina uwezo pia wa kumwambia mwagizaji: usilete simu isiyofunguka.

Mtandao dhaifu nao unakula betri, na wateja wengi hawaelezwi. Simu iliyo mbali na mnara hutumia nguvu nyingi zaidi kutuma na kutafuta mawimbi, kwa hiyo simu inayokaa siku mbili Kigoma mjini inaweza kuisha kabla ya jioni bondeni. Mafundi huwashauri wateja waiweke kwenye 2G kama wanapiga na kutuma pesa tu. Ushauri huo ni mzuri, ila kitufe chenyewe kimefichwa ndani ya mipangilio, kurasa nne au tano chini. Kiwekwe juu, mahali pa tochi. Ni kweli serikali inajenga minara. Mwaka 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini mikataba ya minara 758 vijijini. Minara itapunguza tatizo, lakini milima ya Buha, eneo hili la Waha, haitahama.

Kuna jambo la mpakani ambalo sijaona kampuni yoyote ikilitolea suluhisho, nalo ni saa. Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Simu janja hupanga saa yake kwa kufuata mnara inaoushika. Ukiwa kijiji cha mpakani, simu ikashika mnara wa upande wa pili usiku, saa inarudi nyuma bila kukuuliza. Mfanyabiashara aliyetega kengele ya saa kumi na moja alfajiri ili awahi gari la Kakonko anaamshwa saa kumi na mbili, gari limeondoka. Dawa yake ni rahisi: simu ifuate saa ya nchi ilikosajiliwa laini, au iulize kabla ya kubadilisha. Mipaka ya Afrika ni mingi na watu wanaoishi juu yake ni mamilioni. Tena tukiwa hapohapo kwenye saa, simu zetu zina lugha ya Kiswahili kwenye menyu lakini saa bado zinahesabu kuanzia usiku wa manane. Mtoto anasoma 07:00 na kutangaza saa moja. Amezoea, lakini bibi yake hajazoea. Waethiopia nao huhesabu saa kwa kufuata mawio, na programu za saa kwa hesabu yao zipo. Kuongeza chaguo la saa ya Kiswahili ni kazi ndogo kwa mwandishi wa programu.

Twende kwenye pesa, maana hapa ndipo programu inapogusa maisha moja kwa moja. Tanzania imefanya vizuri. M-Pesa ya Vodacom ilianza hapa mwaka 2008, menyu zikiwa kwa Kiswahili kinachoeleweka. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane pesa kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na Vodacom ikaingia mwaka 2016, mapema kuliko nchi nyingi duniani. Mafanikio hayo yaliletwa na makubaliano, si na kifaa kipya.

Lakini mtu anayepiga *150*00# au *150*60# akiwa kwenye mtandao hafifu anajua adha yake. Menyu hizi huishi ndani ya mawasiliano ya papo kwa papo kati ya simu na mtambo wa kampuni. Simu yenyewe haihifadhi kitu. Mawimbi yakikatika kwenye hatua ya sita, unaanza upya kutoka namba moja, na mbaya zaidi hujui kama pesa imekwenda au haijaenda. Mteja anarudia, na pesa inaweza kwenda mara mbili. Mtambo wa kampuni unakumbuka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo unaweza kumkumbusha mteja. Akipiga tena ndani ya dakika chache, swali la kwanza liwe: unataka kuendelea pale ulipoishia? Vilevile, akirudia kiasi kilekile kwa namba ileile, aonywe. Na makato yote, ya kampuni na ya serikali, yaonyeshwe kwa jumla moja kabla ya namba ya siri. Wananchi waliokumbana na tozo ya miamala ya Julai 2021 walijifunza kwa uchungu thamani ya kujua gharama kabla ya kubonyeza.

Wazee ndio wanaoumia zaidi. Katika nyanda hizi wapo wengi wanaozungumza Kiha nyumbani na hawasomi maandishi madogo ya kitochi. Bibi anampa mjukuu au wakala namba yake ya siri kwa sababu hana namna nyingine. Hapo usalama wote uliojengwa kwa mamilioni ya dola umekwisha. Menyu ya sauti, inayotamka jina la mpokeaji na kiasi, ingemrudishia heshima ya kushika fedha zake mwenyewe. Teknolojia ya kutambua na kutamka Kiswahili ipo. Google iliongeza uandishi wa Kiswahili kwa sauti mwaka 2017. Kiha kingehitaji kurekodiwa na watu wenyewe, na menyu ya maneno machache haihitaji kazi ya miaka.

Kwa upande wa umeme, wilaya hizi kwa miaka mingi zilitegemea majenereta ya dizeli kabla ya gridi ya taifa kuzifikia, na sasa LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni kifaa cha nyumbani kama redio. Mwaka 2024 kila mwenye mita alipata somo la ubunifu mbovu. Mita za aina hii duniani kote zilikuwa zikihesabu dakika tangu mwaka 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Ili mita isigome, mteja wa TANESCO alipewa makundi matatu ya tarakimu 20 ayaingize kwa mpangilio. Tarakimu 60, kwenye vitufe vidogo, mara nyingi gizani. Kosa la kiufundi lilikuwa la wahandisi wa miaka ya nyuma, mzigo ukaangukia kidole cha mama wa nyumbani. Mita ijayo ipokee namba kutoka kwenye simu moja kwa moja, na iwe na uniti chache za dharura, kama mita za malipo ya kabla za Uingereza. Mei 2021 mfumo wa LUKU ulipokwama siku kadhaa, uniti hizo za dharura zingeokoa maziwa, dawa na biashara za watu wengi.

Sola za kulipia kidogo kidogo nazo zina dosari moja kubwa. Taa inajifunga siku unapokosa kulipa. Ratiba ya malipo ya kila siku inamfaa mwendesha bodaboda. Mkulima anafaa kulipa kwa msimu. Kampuni itakayomruhusu alipe miezi sita kwa mkupuo baada ya mavuno, kwa punguzo, itapata mteja asiyekwepa.

Kuhusu programu zenyewe nitasema kidogo. Simu ya gigabaiti 16 hujaa picha za WhatsApp ndani ya miezi, na masasisho yanameza bando la wiki. Vijana wameshajitafutia njia: wanarushiana programu simu kwa simu kupitia Xender bila bando. Watengenezaji wahalalishe njia hiyo, wahakikishe kinachorushwa hakina virusi, badala ya kumlazimisha kila mtu apakue kitu kilekile kutoka ng'ambo.

Msomaji unayekwenda kununua simu wiki hii, usikubali kuharakishwa na muuzaji. Piga *#06# uone IMEI na uilinganishe na ya kwenye boksi. Uliza kama betri inatoka, na kama kioo chake kinapatikana Kasulu au hadi kiagizwe Dar es Salaam. Dai risiti na waranti iliyoandikwa. Ujumbe wa matapeli ukikufikia, utume pamoja na namba yao kwenda 15040. Na ukiwa na lalamiko kuhusu huduma ya simu, lipeleke kwa kampuni, likishindikana lifikishe TCRA au kwenye Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Baraza hilo liliundwa kwa ajili yako, hata ukiwa Nyabibuye.